Mkwawa: Ngome ya Kalenga, fuvu la Bremen na somo kwa Waislamu



Ndugu msomaji, mwaka 1919 mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yaliishurutisha Ujerumani kusaini Mkataba wa Versailles. Mkataba ule ulikuwa na vifungu zaidi ya mia nne, vinavyohusu mipaka, fidia, meli, reli na makoloni. Katikati ya vifungu hivyo kipo kifungu cha 246, kifupi tu, ambacho Waislamu wa Afrika Mashariki tungepaswa kukijua vizuri. Kifungu hicho kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili ndani ya miezi sita. Cha kwanza ni Msahafu wa Khalifa Uthman (r.a.), uliodaiwa kuondolewa Madina na watawala wa Kituruki na kupewa Kaisari Wilhelm wa Pili, huo ulitakiwa urejeshwe kwa Mfalme wa Hijaz. Cha pili ni fuvu la kichwa cha Sultani Mkwawa, lililotolewa katika nchi hii na kupelekwa Ujerumani. Hilo lilitakiwa likabidhiwe kwa serikali ya Uingereza.

Msahafu mtukufu na fuvu la mtu wa Uhehe katika kifungu kimoja! Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu hapa Ilula, na siku nilipowasomea wanafunzi habari hii darasani kulikuwa kimya. Kisha kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akaniuliza: Ustadh, Mkwawa si alijiua? Sasa huyu ni shujaa au ni mtu wa motoni?

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia tutarudi. Makala hii ndiyo marejeo yangu, kwa yule kijana na kwa wengine walio mijini ambao Mkwawa wanamjua kwa jina la barabara, shule au chuo tu.

NANI ALIKUWA MKWAWA

Jina lake kamili ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Alizaliwa kwenye miaka ya 1855 huko Luhota, katika nchi ambayo leo ni mkoa wa Iringa. Baba yake, Munyigumba, ndiye aliyeziunganisha koo nyingi ndogo zilizokuwa zikitawaliwa kila moja na mkuu wake, akazifanya taifa moja la Wahehe. Alifanya hivyo kwa vita, kwa kuoana na kwa mapatano. Aliwapiga Wasangu wa Merere, ambao kabla yake ndio waliokuwa wakubwa wa nyanda hizi, na akapambana na Wangoni waliokuwa wakipanda kutoka kusini.

Munyigumba alifariki mwaka 1879, na kama ilivyo kawaida ya falme nyingi, kaburi halijakauka watu wakaanza kugombea kiti. Mtu aliyekuwa karibu na nyumba ya mfalme, Mwambambe, akajitwalia madaraka. Mkwavinyika, kijana wa miaka ishirini na kitu, akakimbilia Ugogo. Huko hakukaa kulia. Alijipanga, akaungwa mkono na watu wa baba yake, akarudi. Pambano la mwisho baina ya pande mbili lilikuwa kali mno hata mahali pale pakaitwa Lundamatwe, maana yake mahali vilipolundikwa vichwa. Jina hilo lipo mpaka leo, ni kijiji katika wilaya yetu ya Kilolo, na watu wanalitaja kila siku wakiwa ndani ya daladala bila kufikiri maana yake.

Nalitaja hili kwa makusudi. Tunapoeleza maisha ya mtu mkubwa tusimsafishe kupita kiasi. Mkwawa alikuwa mtawala wa zama zake. Alipigana na Wajerumani, lakini kabla yao alipigana na jirani zake. Mashujaa wake walishambulia Ugogo, Usagara, Usangu na Mahenge, wakachukua ng'ombe na mateka. Kwa Mhehe wa wakati ule alikuwa ngao. Kwa Msangu na Mgogo alikuwa tishio. Uislamu umetufundisha kusimama na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu, basi na historia nayo tuisimulie kwa uadilifu.

Hata hivyo, uhodari wake wa kutawala hauna shaka. Nchi aliigawa kwa wasimamizi walioitwa vanzagila, ambao kila mmoja aliwajibika kwake moja kwa moja. Vijana wa koo mbalimbali walikuzwa na kufunzwa vita karibu na makao makuu, wakajuana, na hivyo mtu akaanza kujiita Mhehe kabla ya kujiita kwa jina la ukoo wake. Misafara ya biashara ya pembe za ndovu kutoka pwani ilipita pembezoni mwa nchi yake, naye alijua thamani ya njia hizo. Kwa wafanyabiashara hao alipata nguo, baruti na bunduki.

NGOME YA KALENGA

Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mkwawa alianza kujenga ngome pale Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kiasi cha kilometa 15 kutoka mji wa Iringa wa sasa. Ngome hiyo iliitwa Lipuli, jina ambalo baadaye lilichukuliwa na timu ya mpira ya Iringa. Kazi ya ujenzi ilichukua takriban miaka minne. Kuta zilikuwa za mawe na udongo, ndefu kupita kimo cha mtu, zikizunguka makazi ya mfalme, maghala ya chakula, ghala la baruti na nyumba za watu wengi. Kwa Kihehe ngome ya namna hiyo ni lilinga, na kutokana na neno hilo ndipo likapatikana jina la Iringa. Kwa hiyo kila anayetaja Iringa anataja ngome, ajue asijue.

Lakini kwa nini ajenge ngome? Kwa sababu aliona mambo yanabadilika. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani chini ya Abushiri bin Salim wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani. Uasi ule ulizimwa kwa mizinga, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Baada ya hapo Wajerumani wakaanza kupanda bara, wakijenga vituo kwenye njia ya misafara. Mtawala mwenye akili hangoji moshi umfikie machoni ndipo auulize moto uko wapi.

ZELEWSKI: KUTOKA MSIKITI WA PANGANI HADI LUGALO

Hapa, ndugu msomaji, ndipo habari ya Uhehe inapokutana na habari ya Waislamu wa pwani kwa namna ambayo wengi hatukufundishwa shuleni.

Agosti 1888, mwakilishi wa Kampuni ya Kijerumani pale Pangani alikuwa kijana mmoja aitwaye Emil von Zelewski. Alikuwa mtu wa kiburi. Alimdharau liwali wa Sultani, akashusha bendera ya Sultani, na katika siku za Idi Kubwa, wakati Waislamu wamo katika ibada, watu wa upande wake wakaingia msikitini na mbwa wakimsaka liwali. Watu wa Pangani hawakusahau. Kitendo hicho ni miongoni mwa mambo yaliyowasha moto wa vita ya Abushiri.

Miaka mitatu baadaye Zelewski huyo huyo alikuwa amepanda cheo, sasa ni kamanda wa jeshi la Kijerumani katika koloni. Wenyeji walimpa jina la Nyundo. Katikati ya mwaka 1891 aliondoka Kilwa na kikosi cha askari zaidi ya mia tatu, maofisa wa Kizungu, wapagazi wengi, bunduki za rashasha na mizinga iliyobebwa na punda, kwenda kuwatia adabu Wahehe. Njiani alichoma vijiji. Juhudi za Mkwawa za kutafuta maelewano hazikuzaa kitu.

Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 kikosi kilikuwa kikipita Lugalo, si mbali na hapa Ilula. Njia ilikuwa nyembamba, ina mawe na vichaka. Safu ilikuwa ndefu, wengi hawakuwa na risasi ndani ya bunduki, na mizinga ilikuwa bado mgongoni mwa punda. Wahehe wapatao 3,000, chini ya uongozi wa Mpangile, ndugu yake Mkwawa, walikuwa wamelala kwenye majani na nyuma ya mawe wakingoja ishara. Inasimuliwa kuwa ofisa mmoja wa Kijerumani alifyatua risasi kumlenga ndege, na Wahehe wakadhani wameonekana, wakainuka wote kwa pamoja na mikuki yao.

Pambano lenyewe halikuchukua muda mrefu. Wengine wanasema dakika 10 au 15. Zelewski aliuawa. Masimulizi yanasema aliyemuua alikuwa kijana mdogo, wa umri wa wanafunzi wangu. Walikufa Wazungu 10, askari wapatao 250 na wapagazi karibu 100. Wahehe waliteka bunduki zipatazo 300 na mizinga. Nao walipoteza watu wengi kuliko walivyotaka adui ajue, na inaelezwa kuwa Mkwawa alipiga marufuku maombolezo ya hadhara.

Sitaki kusema kwamba Wahehe walipigana kwa ajili ya msikiti wa Pangani. Hawakuwa na habari nao. Walipigania ardhi yao na ng'ombe wao. Lakini muumini anapoona mtu aliyedhalilisha nyumba ya Allah Agosti ya mwaka 1888 akianguka Agosti ya mwaka 1891 mikononi mwa watu asiowahesabu kuwa watu, hawezi kukosa kutafakari. Kiburi ni kiburi, kiwe pwani au kiwe bara.

Na hapo hapo kuna jambo chungu ambalo tusiliruke. Askari wengi waliokuwa nyuma ya Zelewski walikuwa Wasudani walioajiriwa Misri, na wengi wao walikuwa Waislamu. Waislamu wa Pangani walipigwa na jeshi lenye Waislamu ndani yake, na Wahehe vile vile. Mkoloni hakupigana kwa mikono yake peke yake. Alikodi mikono ya wenye shida. Anayetaka kuandika historia ya Waislamu wa nchi hii aandike na ukurasa huo.

KUANGUKA KWA KALENGA

Baada ya Lugalo, Mkwawa hakulala. Mwaka 1892 watu wake walishambulia eneo la Kilosa na kukimaliza kikosi cha Kijerumani kilichokuwepo. Kwa miaka mitatu jina lake lilitajwa Berlin kwa hasira.

Mwaka 1894 Gavana Friedrich von Schele alikuja mwenyewe, na mara hii hakuna aliyetembea na bunduki tupu. Mwisho wa Oktoba walifika mbele ya Kalenga, wakaishambulia kwa mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaingia ndani. Mapigano yalikuwa ya nyumba kwa nyumba. Mamia ya wanawake na watoto wakachukuliwa mateka, ng'ombe na pembe zikatekwa, na ghala la baruti likalipuliwa. Mkwawa mwenyewe alitoka akiwa hai.

Kwa nini ngome iliyojengwa kwa miaka minne ikaanguka kwa siku chache? Jibu lipo katika ngome yenyewe. Ukuta wa Kalenga ulijengwa na watu waliojua vita vya mkuki na gobore. Kwa vita hivyo ulitosha kabisa. Lakini mzinga haugongi mlango. Ukuta mrefu nao unataka watu wengi wa kuulinda kila upande, na adui anayechagua sehemu moja tu ya kupenya huwa amekwisha kuwazidi akili walinzi waliotawanyika. Aidha, silaha kubwa zilizotekwa Lugalo hazikuwa na watu waliofunzwa kuzitumia. Kumiliki chombo si kukijua. Hili wazazi wa leo wanaowanunulia watoto kompyuta bila kuwapa elimu wanaweza kulifikiria.

Lugalo Wahehe walishinda kwa vichaka na mawe, vitu ambavyo Allah amewawekea bure. Kalenga walishindwa ndani ya kuta walizojenga kwa jasho. Mkwawa alilielewa hilo, ingawa kwa gharama kubwa. Tangu siku ile hakujenga ukuta tena. Milima, mapango na misitu ya Uhehe ikawa ndiyo ngome yake, na nyoyo za watu wake zikawa ndio ukuta.

MIAKA MINNE MAPORINI

Kuanzia 1894 hadi 1898 Mkwawa alikuwa mtu wa kuwindwa. Mwaka 1896 kapteni Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Sakarani, alijenga kituo cha kijeshi pale ulipo mji wa Iringa. Wajerumani walitumia njia tatu. Kwanza, kuwagawa: Wasangu wakarejeshewa nchi yao, na sehemu ya Uhehe wakapewa viongozi wengine. Mpangile, shujaa wa Lugalo, aliyekuwa amejisalimisha, akatawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896. Haikupita muda mrefu, mapema 1897, Wajerumani hao hao wakamuua kwa tuhuma za kumsaidia kaka yake kwa siri. Tazama mwisho wa ahadi za mkoloni!

Njia ya pili ilikuwa njaa. Mashamba na maghala ya waliodhaniwa kumlisha Mkwawa yaliharibiwa. Ya tatu ilikuwa fedha: rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake. Kwa wakati ule hizo zilikuwa fedha za kumfanya maskini kuwa tajiri. Pamoja na hayo, kwa muda mrefu hakupatikana wa kumuuza. Akilala hapa leo, kesho yuko ng'ambo ya mto. Chakula aliachiwa porini na watu ambao wangenyongwa kama wangejulikana.

Mwisho ulikuja tarehe 19 Julai 1898, eneo la Mlambalasi, magharibi ya Iringa. Mkwawa alikuwa amedhoofika, mgonjwa, amebaki na watu wachache mno. Kikosi kilichoongozwa na sajini Merkl, kikipelekwa na kijana waliyemkamata njiani, kilisogea mahali alipokuwa. Mlio wa bunduki ulikuwa umesikika. Walipofika walikuta miili miwili imelala karibu na moto. Mkwawa alikuwa amejipiga risasi, baada ya kumuua na mtumishi aliyekuwa naye. Hata hivyo walimpiga risasi nyingine yule waliyedhani amelala. Kisha kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Iringa kama mtu anavyopeleka kichwa cha mnyama aliyemuwinda.

FUVU

Kichwa hicho kilisafirishwa hadi Ujerumani. Zama zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni kwa maelfu, wakiyapima urefu na upana ili kuthibitisha kwamba Mwafrika ana akili ndogo. Huo ndio uliokuwa utaalamu wao.

Vita ya Kwanza ilipokwisha, Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza katika nchi hii, ndiye aliyependekeza fuvu lirudishwe, akijua litawafurahisha Wahehe na kuwaonesha kwamba Mjerumani hatarudi. Ndipo likaingizwa katika kifungu cha 246. Wajerumani wakakana kuwa nalo, na jambo likalala zaidi ya miaka 30. Lilifufuliwa na Gavana Edward Twining, ambaye mwaka 1953 alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la mji wa Bremen. Huko kulikuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Yaliyotoka Afrika Mashariki yakatengwa, yakapimwa kwa kulinganishwa na vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai, na likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 likakabidhiwa pale Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye aliliongoza Bunge letu akiwa Spika kwa miaka mingi. Wapo wanahistoria wenye mashaka kama kweli ni fuvu lenyewe. Wahehe walilipokea, na Kalenga ndipo lilipo, katika jumba dogo la makumbusho.

TUMUITE NANI

Sasa nirudi kwa yule kijana wa nyuma.

Wapo ndugu zetu wanaotaka sana Mkwawa awe Muislamu. Wanataja majina ya Adam na Abdu katika kizazi chake, na wanataja kwamba mkataba ulimwita Sultani. Kuhusu neno Sultani, tusijidanganye: Wajerumani walilichukua kutoka pwani na kumwita kwalo kila mtawala wa bara, awe na dini yoyote. Na kuhusu majina ya wajukuu, imani ya mjukuu haimrithishi babu. Kwa maoni yangu hatuhitaji kumsilimisha marehemu ndipo tumheshimu. Mtume wetu (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, na alipoulizwa alibainisha kwamba nayo ilikuwa nafsi. Heshima ya mwanadamu kwa uanadamu wake haikuanzia Umoja wa Mataifa.

Ama kuhusu kujiua, hapo lazima mwalimu aseme wazi. Katika Uislamu kujiua ni haramu, ni katika madhambi makubwa. Uhai ni amana, si mali yetu, na hakuna dhiki inayomruhusu mtu kuirudisha amana hiyo kabla ya Mwenyewe kuihitaji. Nasema wazi kwa sababu najua wapo vijana wanaosikia hadithi ya Mlambalasi na kuelewa kwamba kujimaliza ni uanaume. Katika miji yetu hii tunasikia habari za vijana waliojitundika kwa deni, kwa mapenzi, kwa kufeli mtihani. Hao hawakuzingirwa na Sakarani. Walizingirwa na upweke, na sisi majirani na maimamu tulikuwa tunapita nje ya ukuta wao. Kijana wangu, ukiona umezingirwa, sema. Nenda kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa imamu, nenda hospitali. Na sisi watu wazima tukisemwa nalo jambo, tusianze na kukaripia.

Lakini kusema tendo ni haramu si sawa na kujipa kazi ya kumpeleka mtu motoni. Waliomtangulia mauti katika hali tusizozijua, hesabu yao iko kwa Mola wao, Mjuzi wa siri za nyoyo. Tendo la mwisho la mtu haliyafuti maisha yake yote mbele ya historia, wala ushujaa wake wa miaka yote hauhalalishi tendo lake la mwisho. Yote mawili yasemwe.

Hebu mlinganishe na Imam Shamil wa Dagestan, ambaye Waislamu wengi wanamjua. Naye alikuwa mtu wa milima. Ngome yake ya Akhulgo ilianguka mbele ya Warusi mwaka 1839 baada ya mazingira ya wiki nyingi, akatoroka akapigana miaka 20 mingine. Mwaka 1859, akiwa amezingirwa juu ya mlima wa Gunib na familia yake, alikubali kushika mikono ya maadui zake. Hakuna aliyemwita mwoga. Aliishi, akaruhusiwa kwenda Hija, akafariki Madina mwaka 1871. Najua mtasema Mrusi alimtendea Shamil kwa heshima ambayo Mjerumani asingempa Mkwawa, na kilichompata Mpangile ni ushahidi. Ni kweli. Ndiyo maana nasema tusimhukumu. Ila kijana wa Kiislamu anapochagua mfano wa kuufuata pale ukuta unapoanguka, mfano wa Shamil upo.

KICHWA NA MWILI

Nimalizie kwa jambo moja linalonikera. Mwili wa Mkwawa uko Mlambalasi. Kichwa, ikiwa ndicho, kiko Kalenga, ndani ya kioo, na wageni wanakilipia kiingilio wakitazame. Zaidi ya miaka 120 mtu mmoja yuko mahali pawili.

Uislamu ulikataza kukatakata maiti vitani, hata maiti za adui, pamoja na uchungu wote wa yale aliyofanyiwa Hamza (r.a.), ami yake Mtume, pale Uhud. Tumefundishwa kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Na tumefundishwa kwamba stara ya mwanadamu aliyekufa ni ardhi. Wale waliomkata Mkwawa kichwa na wale waliokiweka kabatini Bremen wametoka katika akili moja, ya kwamba mwili wa Mwafrika ni kitu cha kutazamwa. Je, sisi tunapokiweka katika kabati jingine, hata kama ni kwa nia njema ya kuhifadhi historia, tumetoka katika akili ile?

Uamuzi ni wa familia na wa Wahehe wenyewe, si wangu. Lakini swali linafaa liulizwe kwa adabu. Na lisiishie Kalenga. Mabaki ya watu wetu wengine bado yako katika makumbusho ya Ulaya. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa ukatili wa vita ya Majimaji, akakutana na kizazi cha Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Ni hatua. Kuomba msamaha ni mwanzo wa toba. Kurudisha haki za watu ndiyo sharti lake, kama kila mwanafunzi wa dini anavyojua.

Na sisi tuna sehemu yetu. Kila Jumapili mabasi yanapita hapa Ilula, abiria wananunua nyanya na vitunguu dirishani, wanaondoka. Wachache wanajua kwamba Lugalo ni njia hiyo hiyo, na kwamba pale lipo jiwe la kumbukumbu lililowekwa kwa ajili ya Wajerumani waliokufa. Mzazi, siku ukisafiri na watoto, waambie dereva anapopunguza mwendo: hapa ndipo alipoanguka yule aliyeingiza mbwa msikitini Pangani. Kisha wafikishe Kalenga, uwaoneshe palipokuwa na ukuta, uwaambie kwa nini ulianguka. Nami Jumatatu, inshaallah, nitaanza somo kwa yule kijana wa nyuma. Nina deni lake la jibu.

Wabillahi tawfiq.